Kinga Isiyo na Mzigo

Saa kumi na moja, Kamalondo bado inakoroma.
Tuko saba mbele ya stesheni ya mafuta iliyofungwa,
saba, na pampu moja.
Odilon kavaa kofia ya mgodini, taa yake inamulika miguu yetu;
Musonda kafunga mikate mgongoni kwa kitenge
kama anayebembeleza mtoto;
Mwange, mng'oa meno, anahesabu vichwa,
anapata wanane,
anarudia: alikuwa amejihesabu mara mbili.

Huku kwetu baiskeli tunaiita kinga.
Inakinga nini, sijapata kuambiwa.
Baridi ya mwezi wa saba, hapana: masikio yananiuma.
Vumbi, hapana.
Wala deni, maana hii yangu
imebakiza miezi minne kulipwa.

Lami ilikoma ghafla
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Kisha njia ya miguu, nyekundu, nyembamba,
inayopinda kwa heshima kila penye kichuguu.
Tukapanda, tukashuka, tukapiga kelele za kitoto
(Chola ana miaka hamsini na miwili, ndiye aliyezidi),
majani makavu yakilia chini ya magurudumu
kama karanga kikaangoni,
na wasichana wa kijiji cha kwanza wakatukimbilia
wakiuliza nani kafa,
kwa kuwa hakuna akimbiaye hivyo asubuhi bila msiba.

Ndipo wakatokea wa makala.
Kinga zao hawakuzipanda. Walizisukuma,
magunia sita kila moja, mzigo mrefu kuliko mwenyewe,
kamba za mpira, fimbo iliyofungwa kwenye usukani,
shavu limelalia gunia kama linasikiliza.
Walitoka saa nane za usiku
huko ambako msitu bado unaitwa msitu.
Njia ni moja. Nani ampishe nani?
Hakuna aliyeuliza. Tuliingia majanini na kinga zetu za rangi,
tukasimama wima
kama wanafunzi bendera inapopandishwa.

Humo majanini kisiki kilinipasua tairi.
Kisiki kibichi, alama ya shoka ingali nyeupe.
Labda mti wake ulikwisha kupita hapa ndani ya gunia.
Labda ndio ulioivisha bukari yangu ya jana.

Wa mwisho akasimama. Alisema anaitwa Kabemba.
Akauegemeza mlima wake kwenye fimbo,
akatoa mfukoni kipande cha tairi la gari,
akakipachika ndani, akakaza kwa meno.
Pesa aliipokea, akaihesabu, akasema haitoshi;
iliyopungua, nimwachie kinga yangu
mpaka pale kwenye kichuguu na kurudi.

Akapanda. Akayumba.
Mtu aliyesukuma magunia sita tangu usiku
akashindwa kunyoosha usukani,
akaangukia nyasi, anacheka, sote tunacheka:
"Hii kinga yenu iko mwepesi mubaya!
Haiko na kitu ya kunishika!"

Nami, kwa ujeuri au kwa aibu, nikaishika yake.
Nikaisukuma kwa bega, kwa kichwa,
kwa miezi yangu minne ya deni.
Haikusogea hata upana wa kucha.
Kabemba akanitazama kama fundi anavyomtazama
mtoto aliyeshika nyundo upande wa chuma.
Mara hii hakucheka.

Mto Kafubu tuliufikia adhuhuri. Mikate ilikuwa imepondeka,
tukaila hivyo hivyo. Mwange akahesabu: saba.
Hakuna aliyemtaja Kabemba, ila Musonda
aliyejiuliza kwa sauti, mdomo umejaa,
wenzake wamemsubiri wapi.

Jioni, kwenye mteremko wa kurudi mjini,
moshi wa mbabula ulikuwa umetanda juu ya Katuba
na gurudumu langu la nyuma, kila mzunguko,
lilijikwaa mahali pale pale pa kiraka:
tu. Tu. Tu.

"Umeniletea nini?" mke wangu akauliza bila kugeuka,
anatia makala kwa mkono, moja moja.
Nikabaki mlangoni nikiyatazama,
kana kwamba mojawapo lingeniamkia.